Kamba ya kusimamisha mashini ni ya kila mtu



Mwezi huu ukurasa wetu hautazungumza juu ya malaria wala juu ya maji ya kunywa. Utazungumza juu ya kitu ambacho wengi wetu tunapita mbele yake kila posti bila kukitazama: ile butoni nyekundu yenye kichwa kipana kama uyoga, na ile kamba iliyopangwa kandokando ya bandi inayobeba mawe. Mimi si fundi wa umeme. Kazi yangu ni kuosha na kufunga vidonda. Lakini katika miaka ya kufunga vidonda vya watu wa mashini nimeona jambo moja. Mara nyingi, kabla ya kumwuliza mgonjwa kitu chochote, nikitazama kidonda tu naweza kujua kama mwenzake alivuta kamba mara moja ao alichelewa.

Kabla sijaletwa hapa nilifanya kazi katika dispansere ya machimbo mengine. Usiku mmoja, kwenye saa tisa, waliniletea kijana wa posti ya usiku. Alikuwa na mke na mtoto wa kwanza wa miezi mitano. Kazi yake ilikuwa kusafisha matope yanayoanguka chini ya bandi, pale nyuma ambapo bandi inazunguka ngoma ya chuma na kurudi. Wavu wa chuma wa kukinga ngoma hiyo ulikuwa umetolewa juma mbili mbele, kwa ajili ya matengenezo, na tangu siku hiyo ulikuwa umeegemezwa ukutani. Alikuwa akitumia beleshi huku bandi inatembea. Bandi ilinasa beleshi, yeye hakuliachia, na mkono ulifuata mpaka kwenye kiwiko. Pale ulikwama. Bandi haikusimama, iliendelea kupita juu ya mkono ule ule, inausugua kama msumeno usio na meno.

Mwenzake alikuwa karibu. Kutoka mahali aliposimama mpaka kwenye kamba ya kusimamisha kulikuwa na hatua nne. Hakuivuta. Alikimbia njia yote ya chini ya bandi kwenda kumtafuta shefu wa posti, ili apewe ruhusa ya kusimamisha.

Usimhukumu upesi. Siku ya kwanza ya juma lile lile, mtu mwingine wa ekipi yao alikuwa amevuta kamba, kwa kuwa aliona jiwe refu limejipanga vibaya na linataka kupasua bandi. Shefu alimtukana mbele ya wote, juu ya tani za posti zilizopotea. Basi kila mtu alijifunza somo, na somo lilikuwa hili: kamba ile si yetu.

Ilipita dakika moja nzima, pengine zaidi. Nilipoupokea mkono ule, ngozi na nyama zilikuwa zimeungua mpaka kwenye mfupa. Wanganga wa hopitali kubwa waliukata juu ya kiwiko. Asubuhi yule mwenzake alikuja kukaa kwenye ngazi ya dispansere, amevaa bado kaske yake, na kila mtu aliyepita alimwambia neno moja tu: "Nilifikiri lazima nimwulize kwanza." Na shefu mwenyewe, nawaambia kwa haki, hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyembeba kijana mikononi mpaka kwenye ambulansi.

Hesabu ya sekunde

Tufanye hesabu kidogo. Bandi nyingi za kubeba mawe zinatembea karibu meta 2 kwa sekunde moja, nyingine zaidi. Mkono wa mtu mzima, toka bega mpaka ncha ya vidole, una urefu wa santimeta 70 hivi. Bandi ya namna hiyo inahitaji theluthi moja ya sekunde kuvuta urefu wa mkono mzima. Mtu aliyeshtukizwa hawezi kutumaini kuachia kitu upesi hivyo. Ndiyo maana yule anayesema "mimi najua mashini hii, nitatoa mkono mbele haijanishika" anajidanganya, hata kama ana miaka ishirini ya kazi. Labda zaidi kwa kuwa ana miaka ishirini.

Sasa mtu makini ataniuliza: kama mkono unakwenda katika theluthi ya sekunde, basi butoni inasaidia nini? Ni swali zuri. Butoni na kamba havizuii ajali kuanza. Kazi ya kuzuia ni ya wavu wa chuma, ya kifuniko, na ya sheria ya kutosafisha mashini inayotembea. Butoni inafanya kazi nyingine: inakata urefu wa ajali. Vidole vilivyonaswa pengine vimekwisha kuvunjika. Lakini kati ya vidole vilivyovunjika na mkono uliokatwa kuna sekunde kadhaa, na kati ya mkono uliokatwa na jeneza kuna sekunde nyingine. Katika ile dakika moja ya kumtafuta shefu, meta 120 za bandi zilipita juu ya mkono wa kijana yule.

Na tazama jambo hili: aliyenaswa mara nyingi hawezi kufika kwenye butoni mwenyewe. Mkono mmoja umeshikwa, mwili umevutwa, anapiga kelele. Kwa hiyo butoni iliyo karibu na wewe haikuwekwa kwa ajili yako tu. Imewekwa kwa ajili ya mwenzako, na ile iliyo karibu na yeye ndiyo ya kwako. Mtu anayefanya kazi peke yake, usiku, kwenye bandi ndefu, hana butoni kweli, hata kama ziko kumi.

Namna inavyofanya kazi

Kanuni ya mataifa juu ya kifaa hiki inaitwa ISO 13850. Iliandikwa upya mwaka 2015. Inataka butoni iwe nyekundu, na nyuma yake pawe na rangi ya manjano, ili macho yaione hata mtu akiwa na woga. Kichwa chake ni kipana kwa sababu mtu mwenye hofu hapigi kwa kidole; anapiga kwa kiganja, kwa ngumi, hata kwa kiwiko. Ukiipiga inaingia na kubaki ndani. Haitoki yenyewe. Lazima mtu aje pale pale, aizungushe ao aivute kwa mkono wake. Na hata ikitolewa, mashini haipaswi kuanza yenyewe. Lazima mtu aiwashe tena kwa butoni ya kuwashia.

Fundi mmoja wa umeme alinieleza jambo ambalo nililipenda. Wengi wanafikiri kwamba ukipiga butoni unatuma umeme kwenda kuiambia mashini "simama". Ni kinyume. Wakati mashini inafanya kazi, umeme mdogo unapita daima ndani ya butoni, ukisema "vema, vema, vema". Ukipiga, unaukata, na kwa kukosa sauti hiyo mashini inasimama. Ni kama mlinzi wa usiku mwenye kugonga chuma kila saa: siku usipomsikia, ndipo unaamka. Faida yake ni kwamba waya wa butoni ukikatika, ao panya akiutafuna, mashini inasimama yenyewe. Na kamba ya kandokando ya bandi ni hivyo hivyo: kamba ya kweli ikikatika, bandi lazima isimame.

Kwa sababu hiyo, mtu anayeunganisha waya ili kuiruka butoni "inayosumbua" amefanya kosa kubwa kuliko anavyofikiri. Amemfundisha mlinzi kugonga chuma akiwa amelala. Nimeambiwa mara nyingi, "Ni kwa posti moja tu, kesho fundi atatengeneza." Kesho hiyo naijua. Waya ule unasahauliwa, posti nyingine inaingia bila kujua, na siku ya taabu mtu anapiga butoni kwa ngumi mara mbili, mara tatu, na mashini inaendelea kuzunguka.

Kuna pia uharibifu wa kimya. Vumbi la mawe na matope vinafunika butoni hata haionekani. Watu wanaweka mbele yake mapipa, rulo za zamani, baisikeli. Kamba inalegea mpaka inagusa chini, na ukiivuta unavuta meta mbili za bure. Ao mtu ameifunga kwenye nguzo ili isimsumbue akipita. Haya yote hayahitaji fundi wala pesa. Yanahitaji macho na dakika tano.

Kujaribu ni lazima, kwa siku zilizopangwa, na kwa masikilizano na shefu na kabine: bandi itembee tupu, kila mtu awe mbali, kamba ivutwe, na watu watazame kama bandi inasimama, kisha kama inakataa kuwashwa kabla butoni haijarudishwa. Kifaa ambacho hakijajaribiwa tangu mwaka jana ni pambo la ukuta.

Ni nani mwenye ruhusa?

Kila mtu. Fundi na msafishaji, mtu wa kampuni na mtu wa kandarasi aliyekuja kwa juma moja, kijana wa mafunzo aliyeingia leo asubuhi. Mgeni akiona mtu amenaswa, avute. Hakuna wa kuulizwa.

Najua neno hili ni jepesi kwa karatasi na ni zito kwa mdomo wa shefu. Kusimamisha bandi iliyojaa mawe kunaleta taabu ya kweli. Kuiwasha tena ikiwa imejaa kunachosha moteri, wakati mwingine lazima watu wapunguze mawe kwa beleshi, na nyuma yake konkaseri inangoja, na mbele yake watu wa kiwanda wanapiga simu kuuliza. Kwa hiyo butoni nyekundu si ya kusimamishia kila siku. Mwisho wa posti tumia njia ya kawaida ya kusimamisha, bandi ikiwa imekwisha kumwaga mawe yake. Anayepiga butoni nyekundu kwa uvivu wa kutembea mpaka kabine anaiharibu, na zaidi ya hayo anazoesha wenzake kutostuka.

Lakini ninyi mashefu, nawaomba mfikiri juu ya siku mtu atakapovuta kamba bure. Atakosea. Ataona koti limenaswa akifikiri ni mtu. Atasikia kelele ya chuma akifikiri ni sauti ya mwenzake. Siku hiyo, ekipi nzima itatazama uso wako, na vile utakavyomjibu ndiyo sheria watakayoishika, kuliko karatasi zote tunazobandika ukutani. Mwulize aliona nini. Andika katika rapoti saa na sababu. Mshukuru mbele ya wengine, hata kama moyoni unahesabu tani. Ukimtukana, umekata kamba kwa mdomo wako.

Sheria nayo haiko upande wa matusi. Mapatano namba 155 ya Shirika la Kazi la Mataifa, ya mwaka 1981, yanasema mfanyakazi aliyeondoka kwenye kazi kwa sababu ya haki ya kuamini kwamba kuna hatari kubwa na ya karibu kwa maisha ao afya yake, asipatishwe taabu kwa ajili hiyo. Mapatano namba 176 ya mwaka 1995, yaliyoandikwa juu ya machimbo hasa, yanatoa haki ya namna hiyo kwa watu wa mgodi. Na katika nchi yetu, Sheria ya Kazi ya tarehe 16 oktoba 2002 inasema juu ya afya na usalama kazini na juu ya komite ya usalama. Wajumbe wa komite ni watu unaowajua. Kama kamba ya pahali pako imefungwa kwenye nguzo na hakuna anayekusikiliza, waambie wao, na uwaambie mbele ya mashahidi.

Mashini iliyosimama haijalala

Hapa ndipo nataka kukaa kidogo, kwa sababu ajali ya pili inapita mara nyingi baada ya butoni kupigwa vema.

Mtu anapiga butoni, bandi inasimama, kimya kinaingia, naye anaingiza mkono kutoa jiwe lililokwama. Anafikiri kila kitu kimekufa. Haijafa. Kwanza, vitu vizito havisimami mara moja: gurudumu kubwa la konkaseri linaendelea kuzunguka muda mrefu baada ya umeme kukatwa, kwa nguvu ya uzito wake. Broyeri, ile pipa kubwa lenye mabule ya chuma, ikisimamishwa inaweza kurudi nyuma na kwenda mbele kama kitanda cha mtoto, mpaka mzigo wa ndani utulie. Bandi inayopanda mlima, ikiwa imejaa na kizuizi chake kimechoka, inaweza kurudi chini na mawe yote. Hewa iliyobanwa inabaki ndani ya mipira, mafuta yenye nguvu yanabaki ndani ya vyuma vinavyosukuma. Hata umeme wenyewe: kwa mashini nyingi butoni inakata njia ya kuendesha moteri, lakini ndani ya sanduku la umeme nyaya za kuingilia zinabaki na moto kama kawaida.

Kisha kuna hatari ya mtu. Butoni inaweza kurudishwa na yeyote anayepita, hata kwa nia njema. Mwenzako wa kabine anaona taa ya hitilafu, anatuma kijana kuizungusha butoni, naye anawasha. Hakukuona, kwa kuwa umejipinda chini ya bandi.

Kwa hiyo, kama unataka kuingiza mkono, mguu ao hata chombo, butoni haitoshi. Lazima umeme ukatwe kwenye sanduku kubwa na mtu mwenye ruhusa, na kadena ifungwe pale. Kadena yako mwenyewe, yenye jina lako, na ufunguo mfukoni mwako. Si kwa shefu, si kwenye msumari wa ofisi. Mkiwa watu watano chini ya mashini, kadena ziwe tano. Toa hewa, shusha kilichoinuliwa, weka gogo ao chuma cha kuzuia kinachoweza kuteleza. Halafu jambo linalosahauliwa kuliko yote: nenda ukajaribu kuiwasha. Ikikataa, ndipo uanze kazi. Nimeona mafundi wazuri waliofunga kadena kwenye sanduku la mashini ya jirani, kwa sababu namba zilikuwa zimefutika.

Kama mtu amenaswa

Simamisha. Hilo ndilo la kwanza, mbele ya kulia na mbele ya kukimbia. Halafu mtu mmoja abaki kwenye butoni asiiache mtu airudishe, mpaka fundi akate umeme na kufunga kadena. Mwingine apige simu kwa dispansere na aseme pahali kwa jina ambalo dereva wa ambulansi analijua: namba ya bandi, upande gani, mlango gani. Tumepoteza muda mara nyingi kwa kuambiwa "kule kwenye bandi".

Usimvute mtu. Wala msirudishe mashini nyuma kwa haraka ili imtapike. Ikirudi nyuma inavunja mara ya pili. Fundi ndiye anayejua namna ya kulegeza bandi ao kufungua ngoma bila kitu kingine kuruka. Ikiwa mkono ao mguu umebanwa sana kwa muda mrefu, msiufungue kabla mtu wa afya hajafika, kama damu haitoki kwa wingi: mtu anaweza kusema nanyi vizuri akiwa amebanwa, kisha akaanguka ghafula baada ya kufunguliwa. Na kama mwili wake unagusa umeme, usimguse hata kwa kidole mpaka umeme umekatwa.

Damu ikitoka, kandamiza palepale kwa kitambaa safi, kwa nguvu, bila kufunua kila mara kutazama. Kama ni mkono ao mguu na damu inaruka bila kukubali, funga kitambaa kipana cha santimeta 4 ao 5 juu ya kidonda, upande wa mwili, kisiwe juu ya kiwiko wala goti. Kaza kwa kijiti mpaka damu isimame, na uandike saa. Wazee wengine wa kazi walifundishwa zamani kulegeza kila baada ya muda mfupi. Mafundisho hayo yameachwa. Ukifunga, usilegeze, tutafungua sisi hopitalini. Usimpe mgonjwa maji wala chai, sababu pengine atalazwa usingizi kwa kupasuliwa.

Kidole kilichokatika kisitupwe. Kifunge katika kitambaa safi chenye unyevu kidogo, kitie katika mfuko wa plastiki usiopitisha maji, na mfuko huo uuweke juu ya barafu ao katika maji baridi. Kidole chenyewe kisiguse barafu. Na kwa kuwa tunasema juu ya vidole: pete ya ndoa ibaki nyumbani. Bibi yako hatakasirika. Pete ikinaswa inavua ngozi yote ya kidole kama unavyovua soksi, na mara nyingi hakuna cha kushona.

Kwa wamama: mashini ya kusaga unga

Mnaweza kusema, "Haya ni mambo ya wababa." Lakini ni nani asiyekwenda kwenye mashini ya kusaga? Unga wa bukari hautoki mbinguni. Pale pia kuna moteri, kuna mkanda unaozunguka kwa haraka kuliko bandi ya mgodi, na mara nyingi hakuna wavu. Mama amesimama karibu na beseni lake, mtoto mgongoni, ncha ya kikwembe inaning'inia. Watoto wakubwa wanacheza nyuma ya moteri kwa sababu pana joto.

Mashini hizo nyingi hazina butoni nyekundu. Ile ya umeme inazimwa kwa kifaa cha ukutani, na mara nyingine kifaa hicho kiko ndani ya chumba kilichofungwa, ufunguo anao mwenye mashini naye amekwenda sokoni. Ile ya mazutu haihitaji umeme ili kuendelea. Inasimama tu ukikata mazutu yake kwa mkono mdogo wa chuma ulio kando ya moteri. Mtu asiyeujua mkono huo atabaki akipiga kelele. Mnapofika, mwulizeni msagaji: "Baba, inazimwa wapi?" Fungeni kikwembe vizuri, vitambaa vya kichwa pia, na watoto wakae upande wa beseni, mbali na moteri.

Katika cité yetu kuna msagaji mmoja, mzee, aliyepaka ule mkono wa mazutu rangi nyekundu aliyoomba kwa jirani. Kila anayekuja mara ya kwanza anaonyeshwa, na anaushusha mwenyewe mara moja, moteri inazimika, watu walio kwenye mstari wanalalamika juu ya muda. Mzee anawaacha walalamike, kisha anaiwasha tena.